Orest Hrynkiw, Diwani wa Kibanda cha Basi

Baba, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya mwisho wa Januari ulipotuacha, gari lako likiwa bado limechomekwa kwenye umeme ili injini isigande.

Miaka kumi na miwili ulikuwa mbunge katika bunge la jimbo letu la Manitoba, hapa Kanada. Uliposhindwa uchaguzi ukagombea udiwani wa jiji la Winnipeg, na watu wakasema umeshuka. Kinyozi wako Wasyl hakukuonea haya. "Orest, mtu atoke bungeni akahangaike na theluji na takataka?"

Ukamjibu, "Kule nilinyoosha mkono chama kikitaka. Huku mabibi wananipigia simu wenyewe."

Walipiga kweli, hata tukiwa mezani. Kila mkesha wa Krismasi Mama huweka sahani moja ya ziada kwa ajili ya marehemu wetu, na yako ilikaa tupu kando yake mpaka supu ipoe. "Nina marehemu wawili hapa," alikuwa akisema, "na mmoja yuko mkutanoni." Ukaingia na theluji mabegani, unacheka, ukala vyakula vyote kumi na viwili vya desturi ya mkesha. Tunakikosa sana kicheko kile.

Ulichokitaka kuliko vyote ni kibanda chenye joto kwenye kituo cha basi, nje ya nyumba ya wazee, tangu Bibi Paraska, mkazi wa humo, alipoganda vidole akisubiri basi. Baraza lilikikataa mara mbili. Ukafariki kabla ya kura ya tatu, na tuliogopa kwamba nacho kimekwenda nawe. Siku ya kura Mama aliketi mstari wa mbele amevaa koti lako, akiwatazama madiwani mmoja mmoja. Kikapita kwa kura moja.

Kibanda kilifunguliwa Novemba. Mkesha wa Krismasi hii sahani ya ziada ilikuwa yako, na Mama hakuiweka mezani. Aliifunika kwa kitambaa, akaenda nayo kituoni, akaiweka kwenye benchi kando yake. Basi likasimama, dereva akafungua mlango.

"Mama, unapanda?"

"Hapana, mwanangu. Nakula na mume wangu. Leo amewahi."

Unakumbukwa na mkeo Daria, wanao Lesia na Markian, mkweo Halyna, wajukuu zako, na Bibi Paraska, anayekaa kibandani hata siku ambazo hana safari. Hatutakusahau, Baba. Sahani yako ipo.