Kwako Mama Maswali, Mdadisi wa Kituo cha Watoto

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipofunga kamba za viatu vyako vya raba, ukakaa kidogo kwenye ngazi, na hukuinuka tena.

Miaka kumi na tisa ulikifanyia kazi kile kituo kidogo kinachoendeshwa kwa michango, kinachotafiti ustawi wa watoto na familia. Kila mwaka ulibisha hodi nyumba zilezile, dodoso kwenye bahasha, kuuliza nani kala, nani kalala vizuri, nani anacheka. Mtoto akiwa ameketi chini, wewe hukukubali kiti. Watoto hao ndio waliokubandika jina la Mama Maswali, na mkweo hawalaumu: siku ya kwanza kufika kwetu ulimhoji hadi akaomba maji mara mbili.

Mkuu wako alitusimulia msibani habari za binti aliyekaa kimya kila alipoulizwa kama nyumbani yupo wa kumweleza shida zake. Utaratibu ulitaka uandike "hajajibu", uendelee. Ulirudi mara nne. Ya tano akasema, na leo analelewa na shangazi yake, salama. Kwetu hukuwahi kutamka neno. Siri za watu ulizifungia kifuani.

Zako pia. Kitinda mimba wako alikukuta umeshikilia ukuta wa jikoni, akauliza, "Mama, unaumwa?"

"Uchovu tu, mwanangu. Zimebaki nyumba tatu, nikimaliza nitapumzika."

Tukaamini, maana ilikuwa rahisi kuamini. Wewe usingeridhika na jibu kama lile. Majuto ni mjukuu, Mama, na huyu tunaamka naye kila siku.

Nyumba zile tatu alizimaliza mwenzako wa meza ya pili. Katika ya mwisho, mwenye nyumba alijibu maswali yote, akamsindikiza hadi mlangoni, ndipo akauliza kwa upole, "Na watoto wa Mama Maswali wanaendeleaje?" Mwenzako alituletea swali hilo hapa sebuleni. Baba alitoka nje.

Tunaendelea, Mama. Kwa shida.

Unakumbukwa na mumeo fundi redio, ambaye bado analala upande wake wa kitanda, wako akiuacha wazi; wanao watatu; mkweo; dada yako mshonaji; na wenzako wote wa kituo.

Hutasahaulika kwetu, maadamu tupo.