Sikukuu ya Wakazaki na Shati la Fiston

Ijumaa, Septemba

Sijawahi kumwambia mtu hili: nilichagua Wakazaki, watu wa mbali kule Asia, kwa sababu hapa Joburg hakuna anayewachukia. Leo shuleni mwalimu alitaka kila mtu aeleze sikukuu ya kwao. Sisi ni Wakongo, lakini mimi nikaleta Nauryz, mwaka mpya wa Wakazaki, kana kwamba ni wangu. Nilieleza walivyokatazwa na watawala wao kuisherehekea miaka mingi, na walivyoirudisha bila kuona haya. Darasa likanipigia makofi.

Kaka yangu Fiston alikuja shuleni na shati la kitenge aliloshonewa na Mama.

Wakati wa mapumziko wavulana watatu wa darasa langu walimkamata nyuma ya vyoo. "Rudi Kongo na pazia lako." Walilichana shati, wakamchapa mikanda kwa upande wa chuma. Alipoanguka walimpiga mateke usoni, na mmoja akamkanyaga vidole, akavisaga polepole kama anazima sigara.

Kisha akaniona nimesimama kwenye kona ya vyoo. "We Mkazaki, huyu ni wa kwenu?"

Nikasema simjui. Fiston alinitazama kwa jicho lililobaki wazi.

Jioni Mama alimwosha damu akimwuliza ni nani.

"Nilianguka kwenye ngazi."

"Ngazi gani ina mikanda, papa?" Ndivyo Mama amwitavyo akimbembeleza.

Akarudia ile ile: ngazi. Alikuwa ananificha mimi, siyo wao. Jumatatu naiogopa, maana nitakutana nao darasani, lakini ule uongo wake wa kunilinda sikuweza kuuvumilia.

Niliingia jikoni. Nikamwambia Mama kwamba nilikuwepo na kwamba nilimkana kaka yangu. Halafu nikamwandikia majina yote matatu.