Nimesema Shwari Kama Wewe

Kaka Haji,

Mungu akurehemu huko uliko. Mwandiko huu mbaya usikushangaze: naandika kwa mkono wa kushoto. Bega la kulia limeanza kuuma.

Asubuhi tulizamia majongoo ya baharini, mbali na Fumba kuliko enzi zako. Ya karibu yamekwisha, sasa tunayafuata kwenye kina. Nilikuwa chini kwa mara ya tatu mtungi uliponikatia hewa. Nikapanda, Kaka. Sikupanda polepole kama inavyotakiwa, nilipanda kama mtu anayekimbizwa. Nilipotokeza kichwa nahodha akaniuliza hali, nami nikajibu kama tunavyojibu wote: "Shwari."

Neno lako hilo. Siku yako ya mwisho ulilisema ulipotoka majini, ukalisema tena chomboni huku umeshika bega, ukamwambia na Mama mlangoni. Kwetu mzamiaji anayelalamika huachwa pwani, na wewe ulikuwa na mtoto wa kulisha. Ukanipa chupa ya mafuta ya karafuu. "Baridi tu hii. We sugua, kesho ntakwenda kuzamia." Nikasugua mpaka viganja vikawaka, na moyoni nikajisifu kuwa naijua kazi. Miguu yako ikafa ganzi, mimi bado nasugua. Ulipoanza kukosa pumzi ndipo tulipotafuta gari. Hukufika mjini.

Tangu ufe nimejua kilichokuua. Alikuja mwalimu wa uzamiaji, akatukalisha bandani. Alisema pomboo hushuka na pumzi moja tu. Moyo wake hupunguza mwendo, mapafu yake hujikunja, naye hupanda salama. Hata moyo wa binadamu hupunguza mwendo akitia uso kwenye maji baridi, kwa hiyo na sisi tumejaliwa kidogo. Lakini sisi huvuta hewa ya mtungi kule kule chini, na uzito wa maji huisukuma hewa hiyo mpaka ndani ya damu. Ukipanda haraka damu inatoa mapovu, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Mapovu huingia kwenye viungo na uti wa mgongo. Dawa yake, alisema, ni kuvuta oksijeni upesi na kutiwa kwenye chumba maalumu cha chuma kinachomrudishia mtu mgandamizo wa kule chini, kisha unapunguzwa taratibu. Karafuu hakuitaja.

Yote hayo nayajua, na leo nimesema shwari. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo pwani nzima tunaijua, na pwani nzima tunaficha.

Naogopa, Kaka. Vidole vya kulia sivisikii vizuri tena. Naogopa kufa, na zaidi naogopa uso wa Mama. Yumo uani anamsuka mwanao Zuwena, ambaye ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele za watu. Tangu tukuzike Mama hatii karafuu hata kwenye pilau. Akisikia neno bega, atajua. Basi nimejifungia humu chumbani tangu adhuhuri, najidanganya kuwa nimelalia vibaya. Chupa yako ninayo hapa. Nimeifungua, nikainusa, nikaifunga.

Sasa hivi ameniita. "Makame! Mbona hujala?" Nimeitika naam, lakini sauti haikutoka sawasawa. Nasikia kandambili zake zinakuja.

Nisamehe kwa kusugua. Sikujua. Leo najua, na nikinyamaza nitakuwa nimekuua mara ya pili. Pumzika, kaka yangu. Nikimfungulia mlango nitamwambia: Mama, bega, waite watu wa gari. Nikipona, kila atakayetokeza kichwa majini akaniambia shwari, nitamwangalia bega lake kwanza.

Ndiye huyu anagonga.

Mdogo wako,
Makame