Mashine Inayosikiliza Kahawa

Jumapili, mwisho wa Mei. Kibeta.

Mvua ilianza kabla sijaamka, na mpaka sasa, saa tisa alasiri, haijachoka. Sikwenda kanisani. Nilimwambia jirani nina mafua. Sina mafua. Nina aibu, na kabla ya aibu nilikuwa na dharau, kwa hiyo nianze na dharau kwa kuwa ndiyo niliyoizoea.

Mdogo wangu Mutalemwa amepata hataza.

Mimi pia nilikuwa sijui hataza ni nini. Ni karatasi ya serikali inayosema kwamba kitu hiki umekibuni wewe na mtu mwingine asithubutu kukiiga. Muta alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi na begi la nyaya, na miaka miwili hii amekaa kwa Mama kule Muleba akiziunganisha. Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu Hamugembe nimtolee kopi za cheti. Kopi ishirini. Nikamuuliza ishirini za nini, wakati mtu wa kumuiga sijamwona hata mmoja. Aliinama akaichungulia mashine yangu ya kopi, akaniambia roli zake zimechoka. Zimechoka kweli. Hilo nalo liliniudhi.

Huwa ananitumia kwenye simu vitu ambavyo watu huko duniani wamevibuni kwa kompyuta na kuvipatia hataza. Sufuria inayokutumia ujumbe maharage yakikaribia kuungua. Ndoo inayopiga kelele ikijaa. Ndala zinazotafutana. Sijui ni watu wa namna gani hao, wasio na pua wala macho, mpaka kompyuta iwaambie kwamba nyumba inanuka moshi. Nikimjibu hivyo ananitumia kidole gumba, basi.

Cha kwake ni kisanduku cha kusikiliza kahawa. Unachota kiganja cha kahawa ya maganda iliyokuwa imeanikwa, unaimimina kwenye kikombe cha bati kilichofungwa juu ya kisanduku. Kikombe kinajitikisa, kinasa sauti kinasikiliza, programu inapiga hesabu, taa inawaka. Kijani, imekauka, ipeleke kwenye chama cha ushirika. Nyekundu, irudishe kwenye mkeka.

Kila mtu aliyezaliwa upande wetu anajua hiyo si kazi ya kompyuta. Ni kazi ya sikio. Unatikisa kahawa karibu na sikio. Punje zikicheza ndani ya ganda, imekauka. Zikinyamaza, bado. Na sikio la kijiji chetu ni la Mama. Tangu nikiwa mtoto, majirani hawabebi gunia kwenda ghala la chama cha msingi kabla Mama hajaitwa. Anakuja na kanga yake, anachota katikati ya gunia, siyo juu, anatikisa mara tatu, anasema. Kahawa aliyoipitisha yeye hairudishwi. Hicho ndicho cheo chake, hana kingine na hajawahi kutaka kingine.

Nilipokuwa natoa zile kopi niliyasoma maelezo yote ya ule ubunifu. Kuchota katikati. Kutikisa mara tatu. Punje kucheza ndani ya ganda. Ni Mama mtupu, kaandikwa kwa lugha ya ofisi. Nikalitafuta jina lake toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Halipo. Mbunifu ni Mutalemwa peke yake.

Mwizi wa sikio la mama yake mzazi. Ndivyo nilivyomwita moyoni, na wiki nzima nikamwita hivyo mbele ya wateja pia. Labda kuna wivu humo. Yeye alisomeshwa, mimi natoa kopi za vyeti vya waliosomeshwa. Sawa, nimesema.

Jana ilikuwa siku ya kukionyesha kisanduku kwenye ghala la chama. Nilifunga duka nikaenda Muleba. Sikwenda kumuunga mkono. Nilikwenda kumwona akiaibika.

Wakulima walijaa, Mama alikaa benchi la mbele. Muta alikuwa amechomekea shati, akaeleza mambo ya mawimbi ya sauti mpaka mzee mmoja akasinzia. Mara tatu za kwanza kisanduku kilisema sawasawa, watu wakaanza kutazamana. Halafu mvua ikashuka.

Ghala limeezekwa bati. Mvua yetu ikipiga bati, mwenzako unamwona anafungua mdomo tu. Kisanduku kikawasha nyekundu. Kahawa iliyokuwa kijani dakika tano zilizopita, nyekundu. Kikombe kitupu, nyekundu. Miaka miwili, nyaya begi zima, muhuri wa serikali, na haikumjia akilini kwamba Kagera kunanyesha. Tena siku za mvua ndipo mtu anapotaka kujua kama kahawa yake imekauka. Jua likiwaka nani ana wasiwasi?

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikapaza sauti juu ya ile mvua, "Mwacheni Mama asikilize. Yeye hana cheti."

Watu wakapiga makofi. Muta alinitazama akatikisa kichwa harakaharaka, kunikataza. Nilidhani anaona haya kushindwa na mwanamke mzee.

Mama hakuinuka mara moja. Karani wa chama alichota kahawa kwenye gunia moja akamletea. "Tusaidie, Mama waitu," akamwambia kwa heshima. Ndipo akasimama. Akatikisa mara tatu. Akatikisa tena mara tatu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akasema, "Imekauka."

Karani akaing'ata punje moja, kwa mazoea tu. Akaacha kutafuna. Akaitema kiganjani na kuipasua kwa kucha. Ndani ilikuwa mbichi.

"Ni mvua, waitu," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Hii mvua hata mimi sisikii kitu." Wote wakakubali kwamba ni mvua. Mama akatabasamu, akakaa. Lakini mwenye gunia lililofuata hakumwita. Aling'ata mwenyewe.

Muta alinivuta mpaka barazani. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakuwa na ugomvi.

"Dada, Mama hasikii kahawa tangu mwaka juzi."

Ni Mama aliyemwomba atengeneze kile kisanduku. Taa ni wazo lake, alitaka kitu kitakachomwambia kwa macho. Jina lake Muta aliliandika la kwanza kabisa, na Mama akamfanya alifute, kwa sababu watu wangeuliza mwenye sikio kama lile anahitaji mashine ya nini. Mpango wake ulikuwa wanakijiji wakizoee kisanduku taratibu, kisha yeye aseme amezeeka, mashine iendelee na kazi. Sikio lake lingestaafu na heshima yake. Asingeulizwa na mtu.

Hakuna aliyetakiwa kujua, hasa mimi.

"Alisema wewe huwezi kunyamaza," Muta akaniambia. Hakusema kwa hasira, na afadhali angesema kwa hasira.

Tangu jana usiku nimekuwa nikizikusanya dalili. Tangu Krismasi hapokei simu, nikasema ana majivuno. Redio yake inasikika mpaka barabarani, nikamwambia anataka majirani wajue kanunuliwa mpya. Kanisani anaanza ubeti wenzake wakiwa wameshafika mbali, na mimi nikamcheka, mbele ya wajukuu. Halafu nawadharau watu wasio na pua wala macho. Mimi mama yangu amekuwa kiziwi mbele yangu miaka miwili, nilichoona ni vituko vya kusimulia.

Watu wa kijijini hawasomi blogu hii, na majina yote humu nimeyabadilisha. Angalau siri hii sikuiongezea mlango mwingine.

Bado naona kile kisanduku ni cha kijinga. Sibadilishi neno. Kitu cha kusikiliza kinawekwaje chini ya bati? Asubuhi nilimtumia Muta ujumbe: kizungushie sponji ya godoro pande zote, weka na kifuniko juu ya kikombe. Akajibu kwamba ameshaanza kulikata godoro lake tangu jana jioni. Kisha akanitumia kidole gumba.

Saa nane mchana Mama alinipigia mwenyewe. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Nikasema, "Mama, nisamehe kwa ya jana." Nikarudia kwa sauti kubwa, mpaka jirani akachungulia dirishani kuona mafua yangu yamefikia wapi.

"Huku mvua ni kubwa, mwana wange," Mama akasema. "Sikusikii. Tutaongea." Akakata.

Nikamuuliza Muta kama mvua imewazidi. Akanitumia picha. Mikeka imetandazwa ua mzima, kahawa imeanikwa, na Mama amekaa pembeni kajitanda kanga kichwani kwa ajili ya jua.

Kesho sifungui duka. Naenda Muleba na gari la kwanza. Nitakaa mbele yake, karibu kabisa, niseme polepole mpaka aone midomo yangu inasema nini.