Njia ya Chula Umeifuta, Haikufutika

Kisauni, Mombasa
9 Machi 2009

Mpendwa mpwa wangu Fahmi,

Assalamu alaikum. Baridi ya Uholanzi imekuachia masikio? Na kifua je? Sisi tu wazima. Goti langu tu linajifanya la mzee, nami silisikilizi.

Programu yenu ya ramani ya wavuvi nimeiona. Ulipoandika kwamba msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, niliguna. Mimi niliyekula Jeda nikalala Bombay, cha bure nakigeuza kwanza nitazame chini yake.

Basi nikaenda saiba, duka lile la kompyuta, kwa Dalila, binti Athmani. Akanifundisha: mtu husoma msimbo bila kubisha hodi, akitaka huunakili wote akaondoka nao, na akijiandikisha hupelekewa habari kila mnapogusa kitu. Nikajiandikisha. Sasa mkihamisha nukta tu, najua. Dalila asema nafahamu kuliko wanachuo. Sikumbishia.

Uwazi wenyewe naukubali. Chombo kwetu huundwa ufuoni, kila apitaye hugonga ubao akatoa kasoro. Lakini akikuuliza samaki umewapata wapi, jibu ni moja tu: "baharini." Chombo ni cha wote, alama za kupitia miambani ni za nyumbani.

Wiki jana ikaja habari: Fahmi ameondoa njia ya Chula. Moyo ukanishtuka. Kumbe uliiweka! Njia ile ile watu wetu wa kisiwani kule wanayopitia kuwakimbia wenye bunduki. Nikasema alhamdulillahi, angalau ameifuta. Dalila akabonyeza mara moja, njia ikatokea, alama zake, msikiti na kijisiwa, zimepangwa sawa kama nilivyokufundisha mwenyewe.

"Ami, huku kufuta ni kufunika tu," akaniambia. "Cha jana kingaliko chini."

Najua hukukusudia, mwanangu. Waombe wenzako waing'oe na mizizi yake. Lakini waliokwisha kunakili ni nani? Hata wewe hujui. Mimi nawashuku wote, na zaidi yule wenu asiyetia jina wala sura.

Kwa hiyo njia ile ihesabu kuwa imekufa. Mamako Zakiya angali Chula, na ndiyo aliyokuwa apite mwezi huu. Nimempelekea neno, mdomo kwa mdomo, kupitia Abdulqadir aendaye huko: asiiguse. Atatoka kwingine, nami nitampokea mwenyewe.

Msalimie mkeo Hanan, na Saada mdogo umbusu kipajini. Mola akusitiri kwa sitara isiyofunuliwa na mtu.

Na usiniulize mamako atapita wapi. Atapita baharini.

Mjomba wako akupendaye, hata akikugunia,
Mohdhar