Ngazi Tatu za Kushukia Sebuleni

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, mkeo na wanangu wawili, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Mimi huku naendelea. Mikate inatoka, wateja wananinunia wakikuta imekwisha na kunisifu wakiikuta ya moto, basi kazi ni ile ile. Shangazi anakusalimu sana. Anasema uache kujifanya una shughuli kuliko serikali nzima, upige simu.

Mimi sikuulizi kwa nini hupigi, maana najua. Ulinichorea nyumba kwa mkono wako, wiki sita, kila ukitoka kazini. Ukaituma ndani ya bomba la plastiki isije ikakunjika. Nami nikakujibu kwa mistari minne, kwamba ngazi tatu za kushukia sebuleni ni maringo, na kwamba sihitaji nyumba ya kupigia picha. Ningekuwa wewe ningenuna pia, tena ningenuna mwaka mzima. Samahani, mdogo wangu. Naliandika hilo mapema lisije likapotea katikati ya maneno mengine. Sasa nisome mpaka mwisho, na usirukie ukurasa wa pili kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule.

Ukweli ni kwamba ramani yako niliipenda. Niliibandika ukutani juu ya mapipa ya unga nikawa naitazama nikikanda. Yale madirisha mapana ya upande wa mashariki, ile meza kubwa katikati ya jiko, kila kitu kina nafasi ya kupumua. Nilipokinai kuitazama peke yangu ndipo nikaanza kuomba watu maoni.

Wa kwanza alikuwa Shangazi. Alikuja na miwani yake na kalamu yake mwenyewe, akaomba kiti, akaikagua ramani kama hakimu. Alisema sebule ni ndogo, wageni wake watakaa wapi. Nilimkumbusha kwamba nyumba ni yangu na wageni ni wangu. Akasema wageni wangu ni yeye. Halafu akauliza kabati la vioo limechorwa wapi, nilipomwambia halipo akavua miwani, akasema nyumba isiyo na kabati la vioo inafanana na posta.

Wa pili ni fundi mwashi atakayenijengea. Watu humwita Timazi, kwa sababu hawezi kupita karibu na ukuta bila kufumba jicho moja aupime kama umesimama wima. Hata msibani hufanya hivyo. Yeye alikaa na ramani yako asubuhi nzima, kisha akaniambia aliyeichora anajua maji yanakwenda wapi, na wachoraji wengi hawajui. Nakuletea sifa hiyo kama ilivyo, kwa sababu Timazi hajawahi kunisifu hata mkate. Alikuwa na mawili tu ya kukosoa. Choo kiko mbali na chumba cha kulala, na mlango wake unafungukia ndani, mtu akianguka mle hakuna wa kuusukuma.

Baada ya hapo nikashika penseli na mimi. Ndiyo makaratasi unayoyaona humu ndani ya bahasha, usiyacheke. Ngazi zako tatu nimezifuta, sakafu yote iwe sawa kutoka barazani hadi uani. Korido nimeinyoosha moja kwa moja. Ile meza ya katikati ya jiko nimeiondoa, nikapanga kila kitu kwenye ukuta mmoja: mapipa ya unga, sinki, ubao wa kukandia, kabati la kuumulia unga uliokandwa, na mwishoni kabisa tanuri, lenye kiukuta kifupi cha matofali kulitenga na njia. Milango yote iwe ya kuteleza, iingie ukutani, usiwepo hata mmoja wa kuachwa nusu wazi. Koridoni kuwe na ufito wa mbao ukutani, usawa wa kiuno, na sakafu ziwe za namna tatu: vigae laini koridoni, vya kukwaruza jikoni, mbao chumbani.

Shangazi alipoona ule ufito akasema nimejenga hospitali. Timazi alipoona sakafu tatu akadhani nimeokota mabaki kwenye nyumba za watu. Wote wawili waliniuliza kwa nini, na wote wawili niliwajibu kwamba ndivyo ninavyotaka. Shangazi aliondoka bila kumaliza chai.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikamwomba Timazi anichoree nyumba zote mbili pale kiwanjani kwa chokaa, yako na yangu, ubavu kwa ubavu, kwa vipimo kamili. Alinung'unika kwamba anapoteza chokaa, lakini akavuta kamba akachora. Penye ngazi tuliweka safu tatu za matofali, penye tanuri pipa tupu, penye meza ya katikati benchi lake la kazi. Alipomaliza nikavua kilemba, nikajifunga nacho machoni mara mbili, nikamwambia asinishike na asiseme neno.

Nilianza na nyumba yako. Kwenye tofali la pili nilianguka kifudifudi, nikachubuka kiwiko. Nikainuka, nikalitafuta jiko, benchi likanipiga nyonga. Nilipojaribu kulizunguka nilipoteza kabisa mlango uko wapi, nikaenda kulikumbatia pipa. Lingekuwa tanuri lenye moto, barua hii angekuandikia mtu mwingine.

Kisha nikaingia kwenye nyumba yangu. Timazi alikuwa amefunga kamba mahali pa ufito. Nayo haikuwa rahisi, nisikudanganye. Mara ya kwanza niliupita mlango wa bafu bila kujua, kwa kuwa korido niliifanya futi tano na mkono wangu haukufika ng'ambo. Tukaifuta, tukaichora upya futi nne. Mara ya pili nilitoka kitandani hadi chooni, kutoka chooni hadi jikoni, nikachota unga ambao haukuwepo, nikaukanda hewani, nikautia kwenye tanuri bila kugusa kitu nisichotaka kukigusa. Nikarudia mara ya tatu nikiwa na haraka, kama mtu ambaye wateja wanamgongea mlango.

Nilipofungua kilemba nikamkuta Timazi amekaa juu ya ndoo, kofia mkononi. Akaniuliza polepole, "Binti yangu, ni macho?"

Nikamwambia ndiyo, ni macho.

Ndiyo, mdogo wangu. Ni presha ya macho. Nilianza kwa kumwaga chai pembeni ya kikombe, nikadhani ni uchovu. Halafu nikawa nagongana na watu sokoni, kila mara upande wa kushoto, nao wananiambia nina dharau. Daktari amenipima mara tatu. Ninavyoona sasa ni kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Ameniandikia matone ya asubuhi na jioni. Matone yanachelewesha, hayarudishi kilichokwenda. Nilimwomba asinizungushe, akaniambia huenda ni miaka miwili, huenda mitatu. Siku ile nilipotoka kwake ndiyo siku niliyokuandikia ile mistari minne. Nilifika nyumbani, nikaiona ramani yako ukutani, nikazihesabu zile ngazi, hasira ikanipanda. Haikuwa hasira juu yako. Wewe ulikuwa karibu tu.

Sasa najua utakachosema, kwa hiyo nakujibu kabla hujasema. Sihamii kwenu. Mkeo ni mtu mwema na wanao nawapenda, lakini nyumbani kwako sijui hata kikombe kinakaa wapi, na kila siku kuna baiskeli mpya mlangoni. Na Shangazi usimwambie, nitamwambia mwenyewe Jumapili, nimeshamwalika. Kukanda sijawahi kukanda kwa macho. Mkate unauliza vidole, na harufu ndiyo inayokwambia umeiva. Nataka niingie kwenye nyumba yangu nikiwa bado naona, niizoee mpaka miguu iikariri, ili siku taa itakapozimika niwe mwenyeji na si mgeni.

Kwa hiyo nakuomba kazi, sikuombi huruma. Chukua michoro yangu ya penseli uinyooshe. Niambie nilipokosea, bila kuniogopa na bila kunionea. Swichi ziwekwe wapi? Mvuke wa tanuri utatokea wapi? Huo ufito unakatikaje kwenye mlango bila mkono kupotea? Madirisha yako ya mashariki usiyaguse, yabaki mapana vile vile. Nitataka jua linipige usoni nijue kumekucha.

Timazi anaanza kuchimba msingi baada ya wiki tatu. Ramani yako mpya ikifika tutajenga yako. Isipofika tutajenga ya penseli yangu, nawe kila ukija kunitembelea utaona makosa ambayo ungeweza kuyazuia, utakosa usingizi.

Jambo moja limenishinda kuamua, rangi ya kuta. Shangazi anataka krimu, Timazi anasema nyeupe haikosei. Mimi naona zote mbili zimelala. Nichagulie wewe, unayejua rangi. Iwe kali, ya kunifanya nisimame mlangoni, kwa kuwa nitaitazama kila siku, na nataka niwe nayo hata baadaye.

Msalimie mkeo, mwambie kitambaa alichonitumia kimenitosha sawasawa. Wabusu watoto. Goti ulikande kwa maji ya moto, usilionee aibu.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Mama Mikate