Mashati ya Mdogo Wako Nayapunguza Tena

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani kwa mdogo wako.
Jumanne, 10 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi. Hujambo huko uliko? Mkeo na watoto wazima? Afya yako wewe sijui niiulize au niiache, maana ya wenzako unaichezea kwa posta. Huku Mama hajambo, ila macho yake maandishi hayaoni kabisa siku hizi.

Miaka miwili nilikuwa nikiyatanua mashati ya mume wangu. Kule mazoezini wakamwita Tingatinga, nami nikavimba kichwa. Kumbe ni sindano zako! Ulimwambia ni vitamini.

Ameziacha tangu Septemba. Sasa mashati nayapunguza. Kifua tu ndicho kilichobaki, nacho kimevimba kama cha msichana, kwa hiyo namshonea kitambaa kizito kisionekane. Karakanani akiinua gurudumu moja anakaa chini. Juzi amelia kwa sababu ya soksi iliyopotea. Soksi, shemeji!

Daktari hakutuficha. Mwili ulizoea kuletewa homoni za kiume, ukaacha kutengeneza zake, na mbegu za uzazi karibu zimekwisha. Zinaweza kurudi, ila ni miezi mingi ya kupimwa damu na kusubiri, bila kugusa sindano tena.

Halafu wewe ukaleta kifurushi. Chupa nne za dawa ile ile ndani ya kopo la poda ya mtoto, na kikaratasi: "Kidogo tu, urudishe mwili." Hivi una akili timamu? Nimempelekea daktari vyote. Mume wangu alininunia siku mbili, kisha akasema ahsante.

Hayo ningeyameza. Barua yako ya mwezi jana kwa Mama, hiyo imenikwama hapa kooni. Unajua fika nani humsomea Mama barua. Nilisoma kwa mdomo wangu mwenyewe: "Mwanao mzima kabisa, huyo mkewe ndiye mgumba, mtafutieni mwingine." Mama akaguna, "Nilijua mimi." Mume wangu alikuwa papo hapo, anaangalia vidole vyake. Huna haya hata kidogo, wewe.

Sasa Mama ameita kikao cha familia Jumapili ya tarehe 29, nirudishwe kwetu au nibaki. Nikisema mimi, ni mke anajitetea. Mume wangu kila akifungua mdomo mbele ya mama yake, sauti inakauka. Umebaki wewe, kipenzi chake.

Basi andika. Andika ulimtumia nini, mara ngapi, na kwamba ulijua.

Mkeo msalimie sana, na wale wanao watatu, Mungu awakuze. Wewe akupe mkono wa kuandika ukweli.

Barua yako ikifika, nitaisoma mbele ya wote neno kwa neno, kama nilivyoisoma ile. Isipofika, nakala ya hii ninayo, na macho yangu mazima.

Ni mimi shemeji yako niliyekupenda,
Msomaji wa Mama.